Habari za Dawa ya Kotizoni, na Sababu ya Kutoiacha Ghafula

Liko neno moja ambalo matabibu wa hospitali zetu huwaambia wagonjwa kila siku, nao wagonjwa hulisikia, lakini wengi hawalishiki. Neno lenyewe ni hili: "Vidonge hivi usiviache ghafula; uvipunguze kidogo kidogo kama ulivyoandikiwa." Mgonjwa huitikia vema, hushukuru, hufunga vidonge vyake katika kitambaa, kisha hurudi kwake na kufanya apendavyo.

Tuseme ni mama mmoja wa huku kwetu Kimwani, mwenye kibanja chake cha migomba na mibuni. Viungo vyake vimevimba miezi mingi kwa baridi yabisi kali, hata hawezi kumenya ndizi wala kushika jembe, na asubuhi hana budi kuinuliwa kitandani na watoto wake. Akapelekwa hospitali, labda Rubya, au Kagondo, au Ndolage; akapewa vidonge vidogo viitwavyo prednisoloni. Baada ya siku chache vidole vikakunjika na kukunjuka, na miezi miwili baadaye akaonekana arusini akicheza ngoma pamoja na wenzake. Ndipo akasema moyoni mwake, "Mimi nimepona, ya nini tena kula dawa ya wagonjwa?" Tena amesikia majirani wakinong'ona ya kwamba uso wake umevimba kama mwezi mpevu kwa ajili ya vidonge vile. Basi akavitupa vyote siku moja. Haukupita muda mrefu akalala kitandani hana nguvu, anatapika, na akisimama kizunguzungu kinamwangusha. Watu wa nyumbani wakatazamana, wakaanza kuulizana ni nani aliyemloga.

Hakulogwa. Jambo lililompata mama huyu lina sababu yake, nayo sababu hiyo ilijulikana kwa kazi ya watu wengi, na kwa vifo vya wengine. Habari zake zimepita London, na Marekani, na Uswisi. Tena zimepita Pangani na Tanga, maana nchi yetu ina sehemu yake katika dawa hii, ingawa ni wachache waijuao. Ndizo nitakazo kuwasimulia leo, kwa kuwa mtu ajuaye asili ya amri huishika vizuri kuliko yule aliyeamriwa tu.

TEZI MBILI NDOGO

Juu ya kila figo la mwanadamu pameketi tezi ndogo, mfano wa kofia juu ya kichwa. Wachinjao ng'ombe na mbuzi wameziona mara nyingi katika mafuta ya mafigo, wala hawakuzijali, kwa maana ni ndogo. Za mwanadamu hazina uzito ila wa gramu chache tu. Hata wenye elimu hawakujua kazi yake kwa karne nyingi.

Mwaka 1855 tabibu mmoja wa London, jina lake Thomas Addison, wa hospitali ya Guy's, alitoa kitabu juu ya wagonjwa aliowaona. Watu hao walikuwa wakidhoofika siku kwa siku; chakula hakikai tumboni, mshipa wa mkono hupiga kwa unyonge, na rangi ya ngozi huzidi kuwa nyeusi. Mwisho walikufa. Addison alipozipasua maiti zao akaona tezi za juu ya mafigo zimeharibika, na mara nyingi zimeliwa na kifua kikuu. Mwaka uliofuata, yaani 1856, mtaalamu Brown-Séquard alizitoa tezi hizo katika wanyama, nao wakafa upesi. Hapo ikadhihirika ya kwamba tezi hizi, pamoja na udogo wake, zimeshika uhai wa mwili wote.

Kazi yake ni nini? Hutoa maji maji yenye nguvu, yaitwayo homoni, ambayo damu huyachukua na kuyapeleka kila mahali kama tarishi apelekavyo barua. Homoni moja kubwa ya tezi hizi husaidia mwili kushika nguvu ya damu isishuke, na kuitumia sukari kwa kiasi, na kustahimili msiba wa ghafula kama homa kali, au jeraha, au kupasuliwa. Tena hutuliza uvimbe wenye moto. Uvimbe huo si adui siku zote. Ni vita ya mwili juu ya vijidudu. Lakini yako maradhi ambayo askari wa mwili hukosea, wakaipiga nyumba yao wenyewe: hupiga viungo katika baridi yabisi kali, au njia za pumzi katika pumu, au mishipa ya fahamu katika taabu fulani ya ukoma ambayo nitaitaja mbele. Hapo mtu huumia kwa vita yake mwenyewe kuliko kwa adui.

MWANAMKE WA ROCHESTER

Katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, iko hospitali kubwa iitwayo Mayo Clinic. Mwaka 1929 tabibu Philip Hench wa hospitali hiyo aliona jambo la ajabu. Mgonjwa wake mmoja mwenye baridi yabisi aliugua ini, macho yakawa manjano. Na tangu siku hizo maumivu ya viungo yakapungua. Baadaye akaona ya kuwa wanawake wengi wenye ugonjwa ule hupata nafuu wakichukua mimba, na wakiisha kuzaa ugonjwa hurudi. Hench akafikiri: basi, baridi yabisi si gogo lisilotikisika, kumbe mna kitu ndani ya mwili kiwezacho kuituliza. Lakini kitu gani?

Katika hospitali ile ile alikuwamo mwanakemia Edward Kendall, aliyekuwa akizichunguza tezi za ng'ombe kutoka machinjioni. Katika miaka ya 1930 alizitenga dawa kadha wa kadha za tezi hizo, akaziita kwa herufi. Mojawapo akaiita E. Huko Uswisi mwanakemia Tadeus Reichstein alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo. Shida ilikuwa moja: tezi za ng'ombe maelfu zilitoa chembe chache tu, hata hazitoshi kumjaribu mgonjwa mmoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ukatokea uvumi ya kwamba Wajerumani wanawapa marubani wao dawa ya tezi hizi ili wastahimili kuruka juu sana. Uvumi haukuwa na ukweli uliothibitika, lakini Serikali ya Marekani ilitia bidii na fedha katika uchunguzi. Mwaka 1944 Lewis Sarett, wa kampuni ya Merck, akafaulu kuitengeneza dawa ya E kwa kutumia nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30.

Hata ikafika tarehe 21 Septemba 1948. Mwanamke mmoja wa miaka 29, aliyeteswa na baridi yabisi kwa miaka mingi, hata hakuweza tena kutembea ila kwa taabu kubwa, akachomwa sindano ya kwanza. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili hakuna kitu. Kisha akaamka na viungo vyake vyepesi, akatembea. Na baada ya wiki moja akatoka hospitali akaenda mjini kununua vitu madukani. Mwezi wa Aprili 1949 Hench na wenzake wakawaonyesha matabibu wengine picha za sinema za wagonjwa wao kabla ya dawa na baada yake, nao waliotazama wakashangaa mno. Dawa ikaitwa kotizoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel.

Lakini sikilizeni neno ambalo magazeti ya siku zile hayakulipenda kulitangaza. Hench mwenyewe alisema tangu mwanzo ya kwamba kotizoni haiponyi baridi yabisi. Huituliza tu, na ikiondolewa, ugonjwa hurudi. Hata mwanamke yule wa kwanza, alipoendelea na dawa, uso wake ulivimba na akili yake ikataabika. Furaha na hatari zilizaliwa siku moja kama mapacha.

DAWA KATIKA JANI LA KATANI

Sasa ulimwengu wote ukaitaka kotizoni, nayo ilikuwa adimu na ghali kupita dhahabu. Ikawa lazima kutafuta mmea ambao asili yake yakaribia asili ya dawa hii. Macho yakageukia Afrika.

Wa kwanza kutazamwa ulikuwa mmea uitwao Strophanthus, ambao mbegu zake watu wa zamani walizifanya sumu ya mishale. Sumu hiyo ilikwisha kujulikana Ulaya kwa njia ya kuchekesha. John Kirk, aliyesafiri pamoja na Livingstone huko Zambezi kati ya 1858 na 1863, aliweka mswaki wake mfukoni pamoja na sumu ya mishale. Alipopiga meno akasikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakabadilika. Kutokana na jambo hilo ikapatikana dawa ya moyo. Kirk ndiye aliyekuwa baadaye mjumbe wa Uingereza Unguja, wakati soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873. Basi mwaka 1949 wataalamu walitumwa Afrika kutafuta Strophanthus wa namna fulani, kwa tumaini ya kwamba mbegu zake zitatoa kotizoni. Walitafuta sana, lakini haikuwa njia ya kufaa. Mimea ilitofautiana mno, na nyingi haikuwa na kitu kilichotafutwa.

Huko Mexico mwanakemia Russell Marker alikuwa amekwisha kuvumbua katika miaka ya 1940 ya kuwa viazi vikuu vya mwitu vina kitu kiwezacho kugeuzwa homoni. Na mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Upjohn wakaona ya kwamba ukungu, ndugu wa ule uotao juu ya mkate uliochacha, huweza kufanya kwa siku moja kazi ambayo wanakemia waliifanya kwa hatua nyingi. Ndipo bei ya kotizoni ilipoanza kuanguka.

Waingereza nao walitaka asili yao wenyewe, wasinunue kwa dola. Hapa ndipo inapoingia katani. Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida. Njiani ikafa mingi, hata ilipofika Tanga ilikuwa hai 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 yakatokea mashamba yote ya Pangani, Tanga, Korogwe na Morogoro, na Tanganyika ikawa nchi ya kwanza ulimwenguni kwa katani. Wazee wengi wa bara, wa Buha na Unyamwezi na kwingineko, walikwenda huko kwa kazi ya manamba, wakakata majani yale yenye miiba kwa mafungu yaliyohesabiwa.

Atakayesimama karibu na kinu cha katani ataona jambo hili: katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 au 5 tu. Yote yaliyobaki ni takataka na maji machungu yenye kuwasha ngozi, nayo yalimwagwa mitoni na mabondeni, yakanuka. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley, wataalamu wa Uingereza, walitangaza ya kwamba katika takataka hiyo ya katani ya Afrika Mashariki mna kitu kiitwacho hekojenini, ambacho kotizoni huweza kufanywa kwacho. Cornforth huyo alikuwa kiziwi tangu ujana wake, na mwaka 1975 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine ya kemia.

Ikawa hivi: maji ya katani yalikamuliwa, yakaachwa siku kadha yachache, masimbi yaliyotuama chini yakapikwa kwa mvuke mkali, yakachujwa na kukaushwa. Unga uliopatikana wenye kazi hiyo waliuita "kahawa", na sisi watu wa mibuni twaweza kucheka kwa jina hilo. Unga ukasafirishwa Uingereza, na kampuni ya Glaxo ikautumia kutengeneza kotizoni, na baadaye dawa kali zaidi iitwayo betamethasoni. Hivyo mtu wa London aliyenyosha goti lake asubuhi, labda hakujua ya kwamba dawa yake ilitoka katika taka ya jani lililokatwa na mkono wa manamba huko Korogwe.

Mwaka 1955 zikaingia dawa mbili mpya, prednisoni na prednisoloni, zilizofanywa kwa msaada wa vijidudu. Prednisoloni miligramu 5 hufanya kazi ya kotizoni miligramu 25. Ndiyo hiyo ambayo hata leo hupatikana hospitalini kwetu na katika maduka ya dawa, kidonge kidogo cha bei nafuu. Jamii yote ya dawa hizi huitwa steroidi.

ONYO LA MWAKA 1952

Onyo lilikuwapo mapema. Mwaka 1937, miaka 11 kabla ya sindano ile ya kwanza, Dwight Ingle na Kendall mwenyewe waliandika ya kuwa panya wakipewa maji ya tezi kwa wingi, tezi zao wenyewe hunyauka. Lakini furaha ya mwaka 1949 iliwasahaulisha wengi.

Mwaka 1952 matabibu wa Marekani walitangaza habari ya kijana mmoja mwenye baridi yabisi. Alikuwa ametumia kotizoni miezi kadha, akawa na nafuu, kisha akaletwa apasuliwe nyonga iliyoharibika. Kazi ya kisu ilikwisha vema. Lakini baadaye nguvu ya damu yake ikashuka, wala haikupanda tena kwa dawa yo yote, akafa. Maiti yake ilipotazamwa, tezi zake za juu ya mafigo zilikuwa zimenyauka. Kijana huyu hakuuawa na baridi yabisi wala na kisu. Alikufa kwa sababu siku ya msiba mwili wake ulizihitaji tezi zake, nazo zilikuwa zimelala usingizi mzito. Habari nyingine za namna hiyo zikafuata. Tangu hapo matabibu wakafanya sheria: aliyetumia steroidi muda mrefu asiachishwe ghafula, tena akipatwa na ugonjwa mkubwa au akipasuliwa, aongezewe.

KWA NINI TEZI HULALA

Nitaeleza kwa mfano wa nyumbani. Tuseme katika nyumba moja iliyo karibu na ziwa yuko binti ambaye kazi yake ni kuteka maji. Kila asubuhi mama yake huchungulia mtungi. Akiona umepungua, humtuma binti, naye hushuka ziwani kwa njia yake. Kisha anatokea jirani mwema, ambaye kila siku huleta mitungi minane iliyojaa. Mama akichungulia aona maji yamejaa, basi hamtumi mtu. Binti hukaa. Miezi ikipita miguu yake hulegea, na njia ya ziwani huota majani. Sasa, jirani akikoma kuja asubuhi moja, nyumba itakuwaje? Mama atamwita binti, lakini binti hawezi, na njia haionekani. Watu watakaa na kiu. Lakini jirani akipunguza mtungi mmoja mmoja, mama ataanza kuona upungufu, atamtuma binti mara moja, kisha mara mbili, na njia itafyekwa tena.

Mama ndiye tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo hupima homoni katika damu na kutuma amri. Binti ndiye tezi ya juu ya figo. Jirani ni kidonge. Kwa kawaida mwili hutengeneza kwa siku kiasi cha homoni kilicho karibu sawa na prednisoloni miligramu 5. Mgonjwa anayekula miligramu 40 ameletewa mitungi minane, hali nyumba yahitaji mmoja. Kwa hiyo kushuka kutoka 40 mpaka 30 mara nyingi huwa kwepesi kwa upande wa tezi, kwa maana maji bado yamejaa tele. Taabu yenyewe iko chini, karibu na 5, maana hapo ndipo binti atakiwapo kufanya kazi mwenyewe. Ndiyo sababu tabibu hushuka upesi juu na polepole chini, na mgonjwa asiyejua hushangaa kuona miezi yatumika kumaliza vidonge viwili vya mwisho. Mwaka 1965 wataalamu wa Marekani waliwafuata wagonjwa walioacha steroidi za muda mrefu, wakaona ya kuwa huyu mama huamka kwanza, na binti hukawia nyuma yake. Kwa wengine ilipita miezi 9 na zaidi kabla ya mambo yote kurudi sawasawa.

Kumbukeni pia ya kwamba dawa ya siku chache haina shida hii. Mwezi wa Juni 2020, katika tauni ya UVIKO, uchunguzi wa Uingereza ulionyesha ya kuwa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, isiyozidi siku 10, iliokoa maisha ya wengi waliohitaji kusaidiwa kupumua. Dawa hiyo haikuhitaji kupunguzwa polepole, kwa sababu tezi hazilali kwa siku hizo chache. Kwa kawaida hatari huanza mtu akipita muda wa majuma matatu au manne.

MFANO WA UKOMA

Wengine watasema baridi yabisi kali si ya wengi huku. Basi natoa mfano wa ugonjwa ambao wazee wetu waliujua sana. Ukoma huletwa na kijidudu alichokivumbua Hansen wa Norway mwaka 1873. Tangu miaka ya 1980 dawa za kuchanganya huua kijidudu hicho na mgonjwa hupona. Lakini wakati wa dawa, au hata baada yake, mwili huweza kufanya vita ya ghafula juu ya mabaki ya vijidudu, nayo vita hupiganwa ndani ya mishipa ya fahamu. Mishipa huvimba na kuuma, na mkono huweza kupooza na kukunjamana kwa siku chache. Vidole vingi vilivyopotea zamani vilianza kupotea kwa njia hiyo, maana mkono usiosikia moto huungua bila habari.

Hapo prednisoloni huokoa mkono. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa utaratibu ulio mwepesi kukumbukwa: majuma mawili miligramu 40 kila siku, mawili 30, mawili 20, mawili 15, mawili 10, na mawili ya mwisho 5, jumla majuma 12. Wako wanaohitaji muda mrefu kuliko huo. Tazameni basi jinsi ngazi hii ilivyojengwa: juu hatua ni ndefu, chini ni fupi. Kila hatua ina kazi mbili, kuamsha tezi, na kupima kama moto wa ugonjwa umezimika kweli au umefunikwa majivu tu. Anayeruka kutoka juu ya ngazi huvunja vyote viwili.

Wala anayekaa juu ya ngazi siku zote hana salama. Steroidi za muda mrefu hudhoofisha mifupa, huongeza sukari katika damu, hutia ukungu machoni, na kuwaamsha adui waliolala, kama kifua kikuu, au minyoo fulani iliyojificha tumboni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kutoka hospitali ya ALERT, Addis Ababa, ulionyesha ya kwamba wagonjwa wenye namna moja ya taabu hiyo ya ukoma walikufa kwa wingi kuliko wenzao, na matumizi marefu ya steroidi yalihusika. Kwa hiyo wanaotoka katika dawa hii polepole wana sababu mbili: kuacha ghafula ni hatari, na kutoacha kabisa ni hatari pia. Njia ni nyembamba, nayo hupitwa kwa kuongozwa.

MANENO YA KUSHIKA

Sasa tumrudie mama wa kibanja. Makosa yake hayakuwa ya ujinga mtupu; aliona amepona, naye aliogopa kuvimba uso. Mambo hayo mawili ni ya kweli, lakini alikosa kuyapeleka kwa tabibu. Angalisema, "Bwana, uso wangu wavimba, nataka kuiacha dawa hii," angalipangiwa ngazi yake, na uso ungalirudi hali yake ya kwanza taratibu.

Basi ndugu, yeyote aliye na vidonge hivi nyumbani ayashike haya. Avile asubuhi baada ya chakula, kwa sababu asubuhi ndiyo saa ambayo tezi yenyewe hufanya kazi zaidi. Asivipunguze kwa akili yake, wala asifuate hesabu ya jirani, maana hesabu niliyoandika ya ukoma si ya pumu, wala ya pumu si ya baridi yabisi. Vikikaribia kwisha, arudi hospitali kabla havijakwisha. Nauli ya kwenda Muleba ni nzito, lakini jeneza ni zito zaidi. Asinunue vidonge dukani bila kuandikiwa, wala asipokee unga usiojulikana kwa muuzaji anayetembea, kwa maana wako wachanganyao steroidi katika dawa zao ili mgonjwa asikie nafuu ya siku moja.

Katika kupunguza, viungo vikianza kuuma na kuvimba tena, hiyo ni dalili ya ugonjwa kurudi. Lakini akiona unyonge mwingi, kutapika, kizunguzungu akisimama, na tumbo kuuma, hiyo yaweza kuwa dalili ya tezi zilizolala, nayo haingojei kesho: apelekwe hospitali siku ile ile, na wanaompeleka waseme wazi, "Huyu alikuwa akila prednisoloni." Neno hilo moja, likisemwa kwa wakati, lingaliweza kumwokoa yule kijana wa mwaka 1952. Hata mwaka mzima baada ya kumaliza dawa, akipasuliwa au akipatwa na homa kubwa, alitaje tena.

Nasi tulio jirani tusimcheke mwenye uso wa mwezi mpevu. Uso ule ni alama ya mtu aliye katikati ya safari ndefu ya kurudi. Atashuka ngazi yake, hatua kwa hatua, mpaka siku binti yule aliyelala aamke, ashike mtungi wake, na kushuka mwenyewe ziwani.